Haina Mfano

Bwana Nukta alikuwa amekwisha nyolewa shavu la kulia, na la kushoto bado limejaa povu, alipoiona kalamu kichwani mwa mwanamke mzee.

Haikuwa mkononi mwake, wala haikuwa nyuma ya sikio kama kalamu ya seremala. Ilikuwa imechomekwa kwenye kilemba. Mwanamke alikuwa akianika mashuka kwenye baraza ya nyumba ya pili, na kila baada ya shuka aliichomoa, akajikuna nayo kisogo, akairudisha. Kalamu ya wino, nyeusi, ya pembe, mfuniko wake una pete nyembamba ya dhahabu iliyometameta juani kama jicho la paka. Nukta akaruka kitini, na wembe ukambusu sikio.

"Tulia, bwana," kinyozi alisema. "Wamesema mwerevu hajinyoi. Hawakusema anyolewe akicheza."

"Yule bibi ni nani?"

"Jirani yangu. Mjane wa Fundi Kobe."

Nukta akafumba macho, kama mtu aliyeambiwa kuna nafasi moja imebaki peponi.

Fundi Kobe alikuwa mtengenezaji wa kalamu za wino, na jina la Kobe alipewa na wateja waliochoka kusubiri. Kila kalamu aliichonga kwa mkono, pembe akaichagua mwenyewe, nibu, ile ncha ya kuandikia, akaifua mwenyewe, na mteja akiuliza lini itakuwa tayari, alijibiwa kwamba kalamu yenyewe ndiyo itakayosema. Juu ya kila mfuniko alichonga maneno mawili: HAINA MFANO. Hayakuwa majivuno. Zilikuwapo pia kalamu chache za kuwekwa kwenye kabati la kioo, zilizokuwa na sura tu na haziandiki, na hizo, kwa kuwa Fundi alikuwa mtu mnyofu kupita kiasi, alizichongea neno moja: MFANO. Hakutaka mtu anunue sura akidhani amenunua kalamu. Alipokufa karakana ilifungwa, hakuacha mwanafunzi, na watu wale wale waliokuwa wakimsonya kwa uchelewaji wakaanza kuzitafuta kalamu zake kama dawa.

Aliyezitafuta kuliko wote alikuwa Wakili, mwenye ofisi ghorofani kule mjini. Yeye alikuwa nayo moja ya rangi ya kahawia, akiivaa kwenye mfuko wa shati kama nishani, na kwa miaka alikuwa akisema kwamba mtu atakayemletea nyeusi yenye pete ya dhahabu ataondoka ofisini akiwa ameinua kichwa na kushusha mifuko.

Na Nukta ndiye aliyekuwa miguu ya Wakili. Mjini alijulikana kama mkusanyaji wa kalamu za kale. Alipita kwenye nyumba za wastaafu, akawaeleza walimu kwamba wino wa zamani unakula vidole, akawaeleza makarani kwamba pembe ikizeeka huvuta nyoka, kisha akawasaidia kuondokana na balaa hilo kwa bei ya nauli. Kila uongo aliufunga kwa neno lake: "Inavuta nyoka. Nukta." Ndipo jina likamganda. Mwenyewe alijijua vizuri. Hakuwa mwizi, kwa sababu mwizi anatumia nguvu. Wala hakuwa mfanyabiashara, kwa sababu mfanyabiashara anafanya kazi. Akijitazama kwenye kioo cha kinyozi alimwona mtu ambaye yeye mwenyewe asingemwazima mwavuli.

Hata hivyo mtu huyo alikuwa na kitu kimoja cha heshima, nacho kilikuwa mfukoni mwa koti lake. Mjomba wake, aliyekuwa akiwaandikia watu barua mbele ya posta, alimwachia kalamu yake ya Fundi Kobe, ya pembe ya kijivu, imekwaruzika, mfuniko umechubuka, lakini inaandika kama maji yanayoteremka. Mjomba alimwambia neno moja tu: hii usiiuze. Nukta alikwisha kuuza baiskeli ya dada yake, redio ya dada yake, na wakati fulani mlango wa choo cha dada yake. Kalamu ya mjomba hakuiuza. Ndicho kitu pekee kilichomfanya aamini kwamba mahali fulani ndani mwake kuna mtu.

Basi akasimama, kitambaa cha kinyozi shingoni.

"Na shavu la pili?" kinyozi aliuliza.

"Lisubiri. Halina haraka kama mimi."

Akajipangusa povu, akavuka kwenda baraza ya pili, uso wake upande mmoja bwana harusi, upande mwingine mfungwa.

Alibisha hodi kwa sauti ya mtu mwenye msiba. Alimwamkia mjane shikamoo, akampa pole ya mume aliyekufa zamani sana, akamsifu marehemu hadi mwenyewe akakaribia kulia. Mjane alimkaribisha ndani, akampa kiti, akamtazama ndevu za upande mmoja, akasema kwamba vijana wa siku hizi wana mitindo. Nukta akamweleza kuwa yeye ni mpenzi wa kalamu za kale, na kwamba ile ya kilembani, kama hatakosa adabu, angependa kuishika kidogo.

Mjane akaichomoa, akaifuta kwenye kanga, akampa. "Ilikuwa ya mwisho kutoka mikononi mwake," alisema. "Imegandana kiunoni, haifunguki. Nadhani wino ulikaukia ndani. Kuna maandishi pale juu, lakini macho yangu yameshaniaga, herufi ndogo sizioni. Eti pameandikwa nini, mwanangu?"

Palikuwa pameandikwa HAINA MFANO. Nukta aliyasoma maneno yale mawili kimoyomoyo, mara mbili. Kalamu nyeusi, ya mwisho, imewekwa kazi ya kukuna kichwa. Lakini akili yake, ambayo kwenye kazi za halali ililala kama mbwa wa jikoni, iliamka ikasimama wima. Uongo wa mdomo ungepingwa na jirani yeyote mwenye macho. Uongo uliochongwa utapingwa na nani?

"Hapa ndani pana giza, mama. Niruhusu nikaitazame nje kwenye mwanga."

"Katazame. Mimi ngoja nikuletee maji ya kunywa."

Nukta alikuwa na zana zake daima: kipande cha msasa laini cha kuviringisha kidoleni, na kibonge cha nta. Alijificha nyuma ya shuka lililoanikwa na kulisugua neno HAINA. Lilitoka upesi kuliko alivyotarajia, na badala ya kujiuliza kwa nini, alijipongeza kwa mkono mwepesi. Neno MFANO lilibaki limezama ndani kama kaburi. Pale palipokuwa na HAINA pakabaki kivuli tu, ambacho ungekiona kama unakitafuta. Kisha akasokomeza nta chini ya nibu, wino usipite hata kwa bahati mbaya, akaisugua pembe yote kwa shati lake mpaka ikang'aa.

Kwa kuwa alijiona fundi wa kazi yake, akaongeza na pambo. Akamwita kinyozi awe shahidi, ili kesho mjane asije akasema amedhulumiwa.

Kinyozi akaja na wembe wake mkononi. Mjane akarudi na maji.

"Msomee mama hapa," Nukta akasema.

Kinyozi akaileta kalamu karibu na pua. Alimtazama Nukta, akamtazama mjane, akaitazama tena kalamu. "Mfano," alisoma.

"Hakuna neno jingine?"

"Mimi naona mfano."

Nukta akashusha pumzi ya huzuni iliyotoka moja kwa moja kwenye visigino. Alieleza, taratibu, kama daktari anayezungumza na ndugu wa mgonjwa, kwamba marehemu alitengeneza kalamu chache za kuonyeshea watu, sura tu, hazina tumbo la wino, na kwa bahati mbaya hii ni mojawapo. Akaomba wino. Mjane akatoa kichupa. Nukta akachovya nibu, akaburuta kwenye karatasi, ikakwaruza bila kuacha hata alama ya mguu wa sisimizi. Akachovya tena. Kalamu ikakataa katakata, na moyo wa Nukta ukacheza ngoma kwa furaha.

"Shuhudia, kinyozi," alisema kwa sauti ya mahakama. "Mimi simdanganyi mama. Nimemwambia waziwazi: hii ni mfano, haiandiki, na haijawahi kuandika tangu itengenezwe. Nukta."

"Nimeshuhudia," kinyozi akasema, na akakohoa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Mjane akakunja na kukunjua pindo la kanga. Mwishoni akauliza kama hata hivyo mgeni ataitaka. Nukta akasema kwamba kwa mapenzi yake kwa marehemu ataichukua, akataja bei ya huruma. Mjane akatikisa kichwa.

"Hela sitaki. Hela ikiingia nyumba hii wanangu wanainusa kutoka mikoani. Mimi nataka kalamu inayoandika tu. Kama hiyo ya mfukoni mwako, iliyochakaa. Inaandika?"

Mkono wa Nukta ukaenda mfukoni wenyewe, kuilinda.

Aliona mambo mawili kwa wakati mmoja. Aliona uso wa mjomba pale mbele ya posta, akimwambia neno lile moja. Na aliona Wakili akifungua droo. Akajaribu kumtajia mjane kalamu nyingine, mpya, za dukani, pakiti nzima, za rangi tofauti. Mjane akasema za dukani zinateleza mkononi kama samaki. Akajaribu kuongeza bei. Mjane akairudisha kalamu nyeusi kilembani na kuuliza kama maji yalikuwa baridi vya kutosha.

Kule kuiona inarudi kilembani ndiko kulikommaliza. Nukta akajiambia kwamba haiuzi kalamu ya mjomba, anaiazimisha. Usiku mmoja tu. Kesho, Wakili akishalipa, atarudi na mkoba wa zawadi na kuikomboa, na mjomba huko aliko hatajua hata kwamba ilitoka. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji msasa. Akaitoa, akampa.

Mjane akaandika nayo mstari mmoja kwenye karatasi ile ile. Wino ukateremka, mwembamba, mweusi, bila kukwama. "Hii inajua kazi," alisema, na akaishika kwa mikono miwili, kisha akaichomoa ile nyeusi kilembani akampa mgeni.

Nukta alienda nyumbani kwa dada yake, aliyekuwa fundi cherehani na ndiye aliyempa chumba cha uani, akitembea kama anayekanyaga mayai ya dhahabu. Kabla ya kwenda kwa Wakili ilibidi aondoe nta, ainyweshe kalamu wino, na alirudishe neno HAINA mahali pake kwa ncha ya sindano. Akachukua bakuli la maji ya uvuguvugu, akaitumbukiza. Nta ikaelea. Akaitoa, akaikausha, akatazama chini ya nibu.

Kila kalamu ya Fundi Kobe ilikuwa na kijipande chini ya nibu chenye mfereji mwembamba wa kupitishia wino, alichopenda kukiita ulimi. Hapa palikuwa na kijipande, lakini mfereji haukuwapo. Palikuwa laini kama ukucha. Nukta akaizungusha kiunoni, pale inapofunguka. Akaizungusha kwa kitambaa, kwa meno, kwa koleo la dada yake. Haikufunguka kwa sababu hapakuwa na cha kufunguka. Mstari wa kiunoni ulikuwa mchoro tu. Pembe nzima, ngumu, tangu kichwani hadi mkiani. Alikuwa ameziba kwa nta tundu ambalo Mungu hakuliumba.

Ndipo akakumbuka jinsi HAINA lilivyofutika upesi, na jinsi MFANO lilivyozama. Neno moja lilichongwa na Fundi. Jingine lilikwaruzwa kwa sindano, juzijuzi, na mtu mwenye macho mazuri sana.

Akaketi sakafuni. Alifikiri sana, na kila alichofikiri kilimrudia kama mbuzi jioni. Aende kumshitaki mjane? Atasema nini? Kwamba aliuziwa mfano? Alisema mwenyewe kuwa ni mfano. Kwamba haiandiki? Alisema haijawahi kuandika. Na shahidi yupo, tena shahidi aliyemleta yeye kwa mkono wake. Katika maisha yake yote ya kusema, hiyo ndiyo siku pekee aliyosema kweli mfululizo, na ndiyo siku aliyofilisika.

Dada yake alipita na nguo za mteja begani. Akamwona alivyokaa, nusu ana ndevu, amekumbatia bakuli.

"Na wewe umepatwa na nini?"

"Hakuna, dada."

"Kalamu ya mjomba iko wapi? Nataka kuandika vipimo."

Nukta akafungua mdomo. Ulimi uliowahi kuuza mlango wa choo ukalala chali. "Nimeiazimisha," alisema.

Dada akaweka nguo chini polepole. "Baiskeli nilisamehe. Redio nilisamehe. Mlango tulitumia pazia. Lakini mjomba alitulea sote wawili kwa kalamu ile, kaka. Usiku ukiingia haijarudi, na wewe usirudi."

Kwa hiyo alirudi kwa mjane na jua bado lipo. Hakupiga hodi ya msiba safari hii; alipiga hodi ya mtu mwenye shida, hodi mbili ambazo masikio yaliyozoea huzitofautisha. Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka, kinyozi pembeni yake, na mezani pana vikombe vitatu. Kimoja kilikuwa kinamsubiri yeye.

"Karibu, mwanangu. Huyu jirani alisema utarudi kesho. Mimi nikasema leo, maana una mapenzi ya kweli na kalamu."

Nukta akaiweka nyeusi mbele yake. Alikuwa ametunga hotuba njia nzima, na yote ikayeyuka. Alisema tu kwamba ile nyingine ilikuwa ya mjomba wake.

"Najua. Mjomba wako aliisubiri misimu miwili, na kila akija alikuwa akinisomea barua za watu za kuchekesha." Mjane akanyanyua mto, akatoa kitambaa kilichokunjwa, akakifungua. Zilikuwa kalamu za Fundi Kobe, za kweli, zimepangwa kama watoto waliolala: za kahawia, za manjano, zenye madoa, na mwishoni ile ya kijivu. "Mume wangu alipokufa niliziuza zote kwa njaa. Nilizitoa kwa bei ya unga. Baadaye nikasikia watu wakubwa wanazitafuta, na watu kama wewe wanawatafutia. Nikasema sawa. Kalamu nilikuwa sina tena, lakini nilikuwa na kopo zima la mifano. Nikachukua sindano."

"Ukaongeza HAINA."

"Nikaongeza neno moja tu. Wengine hubadilishana nami kalamu zao za kweli kimyakimya, wakidhani mimi kipofu. Wewe ndiye wa kwanza kulifuta." Akacheka mpaka akajishika ubavu. "Kila aliyekaa kwenye kiti hicho aliniambia uongo, mwanangu. Wewe peke yako ulisema kweli tupu, tena mbele ya shahidi. Nilitaka kukukumbatia."

"Mimi nilidhani atasema na Amina," kinyozi akasema.

Nukta akacheka pia, kwa sababu kulia kungeharibu povu la chai. Alijiona jinsi alivyokuwa nyuma ya shuka, akisugua kwa bidii, akimfanyia bibi wa watu kazi ya kuirudisha kalamu kwenye ukweli wake, bila malipo. Mtu anayefuta uongo kwa nia ya kudanganya anaitwaje? Hakulijua neno lake, lakini alijua sura yake: ina ndevu upande mmoja.

Akauliza afanye nini ili aipate ya mjomba.

"Kalamu za mume wangu hubadilishwa kwa kalamu za mume wangu," mjane akasema. "Niletee moja ya kweli, nikupe yako. Ile ya kahawia aliyonayo yule wakili, ambaye jirani anasema ndiye anayekutuma, inaninyima usingizi. Aliinunua kwangu wiki ya matanga, na akaniomba nipunguze." Akaisukuma nyeusi mbele ya Nukta. "Nenda na hii. Na usiongeze kitu. Kivuli umekiacha vizuri, kiache hivyo hivyo."

Kinyozi akasimama, akapiga wembe kwenye mkanda wa ngozi. "Lakini kwanza shavu. Huwezi kwenda kusema kweli na uso wa namna hiyo."

Wakili alikuwa karibu kufunga ofisi. Nukta aliingia akiwa amenyolewa pande zote mbili, akasimama mbele ya meza pana, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakukaa kabla ya kukaribishwa.

"Wakili, nakuja na habari mbaya," alisema. "Nyeusi nimeipata, lakini ni mfano tu. Haiandiki. Imeandikwa hapo, jionee mwenyewe. Nimeona nikuambie kweli."

Wakili akaichukua. Akavaa miwani, akaongeza kioo cha kukuzia, akaileta kwenye taa. Nukta aliona hasa ni lini jicho lilipofika kwenye kivuli, kwa sababu sikio la Wakili lilisogea kidogo. Jicho likarudi kwa Nukta, likampima kutoka viatu hadi kidevu, likiwa na huruma ya mtu aliyemkuta mjinga ameshika almasi akidhani ni kipande cha chupa, au mjanja aliyefuta neno akasahau kufuta alama zake.

Wakili akaishusha kalamu na kuguna. Alisema ni kweli, ni mfano, ni jambo la kusikitisha. Kwamba kwa hisani tu angeweza kumpa chochote kidogo.

"Hela sitaki," Nukta akasema, akitazama sakafu. "Mimi nataka kalamu inayoandika tu. Kama hiyo ya mfukoni mwako."

Mkono wa Wakili ukaenda mfukoni wenyewe. Ukakaa hapo. Kisha macho yake yakairudia pete ya dhahabu, na mkono ukatoka na kalamu ya kahawia, ukasita hewani.

"Ngoja kwanza," alisema, akageukia mlangoni. "Tusije tukasumbuana baadaye. Karani! Njoo hapa ushuhudie."